Kabari Chini ya Kitanda

Jumamosi hiyo Khamala alirudi nyumbani mapema, akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi.

Nasambu alikuwa ameketi mlangoni akichagua mchele kwenye ungo. Ulikuwa mchele wa kesho, wa mama yake, ambaye angekuja kumwona mjukuu mchanga kwa mara ya kwanza. Aliona kwanza miguu ya mumewe, imeloa tope la Gatwekera, mtaani kwao Kibera, mpaka magotini, kisha akakiona kile kiatu. Kilikuwa cheusi, cha mguu wa kulia, kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa nailoni wa bluu. Mshono ule ulikuwa wa mkono wa Nasambu mwenyewe.

"Baba Lenah, hicho ni kiatu cha Shiundu."

"Ndiyo."

"Na Shiundu mwenyewe yuko wapi?"

Khamala alikitazama kiatu kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine akishike kidogo tu. "Hospitali," akasema. "Hiki kilibaki. Sikujua nikiweke wapi."

Nasambu aliinuka, ungo ukainama, mchele ukamwagika topeni. Hakuuokota. Binti yao Lenah, wa miaka mitatu, alichuchumaa akaanza kuokota punje mojamoja na kuziweka kwenye kiganja, kwa utaratibu, kana kwamba ametumwa.

Mama mwenye nyumba, mzee wa Kinubi aitwaye Sitelbanat, alikuwa anapita na debe lake la maji. Aliutazama uso wa Khamala, akaliweka debe chini, akachukua kigoda cha Nasambu na kukisukuma nyuma ya magoti ya Khamala mpaka akakaa bila kujua amekaa. Akamshika Lenah mkono.

"Huyu atakula kwangu leo," akasema. "Nyinyi ongeeni." Hakuuliza kitu kingine, akaenda zake.

*

Godauni alilofanyia kazi Khamala lilikuwa la sabuni, kule Eneo la Viwanda. Yeye alikuwa nyapara wa makuli, na Shiundu, mdogo wake Nasambu, alikuwa kuli chini yake. Ni yeye aliyemwingiza kazini, na ni yeye aliyemwambia mama mkwe wake, kwa kupitia mke, kwamba kijana atakuwa machoni pake.

Zamani katoni za sabuni zilipita kichwani na mgongoni, juu ya ubao mmoja kutoka ukingo wa godauni mpaka ndani ya lori. Kisha ofisi ikanunua vitu vipya: matoroli ya magurudumu, bamba la chuma la kuunganisha ukingo na lori, na kabari za mpira za kukinga magurudumu ya lori lisisogee. Bamba makuli waliliita Ulimi. Kabari za mpira waliziita keki, kwa sababu zilikuwa nyeusi, laini na za kupendeza, na kwa sababu, alisema Shiundu, zilikuwa za watu wa ofisini.

Keki zilijaribiwa mwezi wa Januari, siku ya jua. Muuzaji mwenye tai alisukumiwa lori na makuli wote, na lori halikusogea hata kidogo. Ofisi ikaridhika. Hakuna aliyewaza kwamba katoni hupasuka, sabuni ikamwagika uani, na mvua ikija saruji yote inateleza kama samaki.

Kabari za zamani zilikuwa nne, za mti wa mvule, nzito, zimechongwa mshazari. Makuli waliotangulia walikuwa wamezipiga misumari upande wa chini na kuikata vichwa, zikawa na meno ya kuuma saruji. Muema, mtunza stoo, alizitoa nje pamoja na takataka.

"Chukua, nyapara," alimwambia Khamala. "Usipochukua wewe, askari wa lango atazichoma akiota moto."

Khamala alizichukua kwa sababu nyumba yao ilikuwa inaingia maji. Mtoto alikuwa amezaliwa na kifua kibovu. Alizilaza ubavu, moja chini ya kila mguu wa kitanda, na kitanda kikainuka juu ya maji kama kuku juu ya kichanja. Usiku ule mtoto hakukohoa. Nasambu alikuwa amemwambia mumewe kwamba tangu aolewe hajaletewa zawadi kubwa kama ile.

*

"Nieleze," alisema Nasambu sasa. "Usiruke hata neno moja."

"Lori la dereva Muia lilirudi nyuma likafika ukingoni. Tukaweka keki. Tukaweka Ulimi. Kila toroli likipita juu ya bamba, likigonga lori, lori linasogea mbele kidogo, kama unywele. Huwezi kuona. Toroli la kwanza, la pili, la tatu. Mimi nilikuwa ndani ya lori napanga."

"Na Shiundu?"

"Shiundu alikuwa katikati ya bamba, ana toroli limejaa. Lori likateleza. Bamba likakosa pa kushika." Khamala alionyesha kwa mikono yake, mkono mmoja ukaacha mwingine, ukaanguka. "Alitangulia yeye. Halafu bamba. Halafu toroli."

Nasambu aliketi pale kwenye mchele.

"Muia dereva alivua shati lake, jipya, akafunga mguu. Tukamweka ndani ya lori lilelile, juu ya katoni, kwa sababu gari la ofisi lilikuwa limekwenda kumchukua mke wa meneja sokoni. Muia aliendesha kifua wazi kwenye mvua, analia kama mtoto. Pale lango la hospitali askari akamwambia avae nguo kwanza."

Mvua ilikuwa inaanza tena juu ya mabati. Macho yao wote wawili yalikwenda mahali pamoja, kwenye pazia la maua lililokizunguka kitanda.

"Alhamisi ulipiga magoti pale," alisema Nasambu polepole. "Ulitaka kuzitoa."

"Nilitaka kuzirudisha Ijumaa. Vijana walikuwa wamelalamika kwamba keki zinateleza. Muema alisema ofisi imeshanunua, hawezi kusema lolote. Nikaona nizirudishe mwenyewe, kimyakimya."

"Na mimi nikasema ngoja."

Khamala alikigeuza kiatu mkononi.

"Nilisema ngoja mayi aje Jumapili, aondoke. Nilisema akikuta maji chini ya kitanda atasema ameniozesha mtoni. Ukainuka. Ukapangusa magoti."

"Nasambu."

"Ulipangusa magoti, nikacheka."

*

Walitembea kwenda kwa mama yake Nasambu, Kabiro, kule Kawangware, Nasambu mbele na mtoto mgongoni, Khamala nyuma akiwa bado na kiatu, sasa kimefungwa kwenye gazeti. Hakukuwa na mtu wa kutuma. Lakini Khamala asingeweza kuingia. Kwao Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na kitanda cha binti aliyeolewa mama yake hakikaribii, hakigusi, wala hapaswi kukiona. Mjini watu walikuwa wamelegeza mengi, maana chumba ni kimoja na mlango ni mmoja. Ndiyo sababu ya lile pazia. Ndiyo sababu pia kesho Khamala alikuwa amepanga kushinda kwa rafiki.

Alisimama nje kwenye ua wa miiba. Nasambu akaingia peke yake.

Nafuna, mama yake, alikuwa ameshajiandaa kwa safari ya kesho. Unga wa wimbi ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa, na jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya katani kando ya mlango.

"Mbona unakuja kunichukua leo?" akacheka. "Mlidhani nitapotea? Umekuja na nani?"

"Na Baba Lenah. Yuko nje, kwenye ua."

"Kwenye mvua?" Nafuna alimimina chai kwenye kikombe cha bati, akaenda nayo mpaka kizingitini, akaiweka juu ya jiwe na kugeuka nyuma kabla mkwe wake hajaifikia. "Mwambie asiache ipoe. Haya, nipe huyo mtoto nimwone."

Nasambu hakumfungua mtoto. "Mayi, Shiundu ameumia kazini. Mguu."

Nafuna alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kumpokea mjukuu. Iliendelea kubaki vile, imenyooshwa mbele, hakuna kitu juu yake.

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Umeumia vipi?"

"Bamba la chuma limeuangukia. Lori liliteleza."

"Wa kulia," alisema Nafuna. Alikaa kwenye kitanda cha Shiundu, akalainisha blanketi lililokuwa limelainika tayari. "Shiundu alizaliwa akitanguliza mguu. Wakunga walikimbia, wakasema huyu hatoki. Ule wa kulia ndio ulitoka kwanza. Nilikaa saa nzima nimeushika, mguu peke yake, simjui mwenyewe. Huo ndio ulionisalimu."

Kisha aliinama akaifungua kamba ya jogoo. Jogoo alisimama, asijue aende wapi, akabaki palepale miguuni pake.

Nasambu alikuwa na maneno mengine mdomoni. Njia nzima kutoka Kibera alikuwa amekuja akiyapanga. Aliyameza.

*

Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, walimkuta Shiundu kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Blanketi lilikuwa limeinuka kwa mguu mmoja, na upande wa pili, chini ya goti, lilikuwa limelala tambarare. Nafuna aliweka kiganja chake pale palipokuwa tambarare, akakibonyeza kidogo, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Jana waliniuliza kama nakubali wakate," alisema Shiundu. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Nikawauliza kama wana mwingine wa kunipa. Daktari akasema kwa leo hawana."

"Nyamaza," alisema Nafuna.

"Mayi, nikinyamaza naumia."

Mzee wa kitanda cha jirani alinyoosha mkono, akampa Nafuna chungwa lake ammenyee mgonjwa. Nafuna alilimenya lote, akampa Shiundu nusu, akamrudishia mzee nusu. Kisha akatazama dirishani. Nje, kwenye majani, Khamala alikuwa amesimama ameipa wodi mgongo, kwa heshima, kofia mkononi.

"Yule hajala," akasema. "Ngoja nimtafutie mkate, nimuulize na huyo nesi habari ya dawa."

Alipotoka, Shiundu alimshika dada yake kiwiko.

"Zile kabari. Mayi anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Una mtoto mchanga, unamhitaji mama yako. Mimi nimeshajua, inatosha." Alifumba macho. "Halafu ningeweza kuliachia toroli. Nilisikia bamba linakwenda. Ningeruka. Nikakumbuka katoni zikipasuka tunalipishwa, nikashikilia."

"Ulishikilia sabuni?"

"Nilishikilia sabuni, Nasambu."

Nasambu alimtazama mdogo wake. Alitaka kucheka, alitaka kupiga ukuta, na hakuna kati ya hayo mawili aliloweza kulifanya. Nafuna alirudi amekwisha kumwekea mkwewe mkate kwenye ukingo wa dirisha. "Nesi ni mtoto mzuri," akasema. "Amenishika bega."

*

Nafuna alisema atapita Gatwekera ashike mjukuu kidogo kabla ya kurudi kwake. Mvua iliwakamata kwenye reli. Walipofika kwenye vyumba, maji yalikuwa yanashuka kati ya kuta za udongo na kuingia kwa kila mtu, na majirani walikuwa wanayachota kwa sufuria na kuyarudisha nje. Khamala alibaki barazani kwa jirani wa ng'ambo ya njia, mahali ambapo angeweza kuuona mlango wake bila kuuingia.

Ndani, Nafuna alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, miguu juu ya tofali. Maji membamba yalipita katikati ya chumba yakaingia chini ya pazia na kutokea upande wa pili.

"Hakohoi," alisema akiwa ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto. "Uliniandikia kwamba anakohoa."

"Aliacha."

"Kwa sababu kitanda kimeinuliwa, naona pazia lenyewe limekwenda juu. Mkwe wangu amefanya vizuri. Baba yako asingewaza jambo kama hilo, Mungu amrehemu. Angesema maji ni ya Mungu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nikifika kwa Shiundu kesho nitamwambia, shemeji yako anawalaza wanangu pakavu."

Nasambu alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani.

Angeweza kunyamaza. Shiundu mwenyewe amesema anyamaze. Lakini mama yake alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa linakwenda mahali pasipo pake.

"Mayi, Shiundu amesema nisikuambie."

"Kuniambia nini?"

Akamwambia. Alimwambia habari ya keki na sabuni na saruji inayoteleza. Alimwambia habari ya kabari nne za mvule na meno yake. Alipofika Alhamisi, Khamala amepiga magoti, aliacha, akaanza upya. "Mimi ndiye niliyesema ngoja. Si yeye. Nilitaka ukija ukute pakavu."

Sauti ya mvua ilijaza chumba. Nafuna alimtazama mtoto, kisha akalitazama pazia, akaanza juu kwenye pete zake akashuka mpaka chini maji yanapoingia.

"Kwa hiyo mguu wa mwanangu uko hapo," alisema mwishowe. "Chini ya kitanda chako. Na mimi nimekaa hapa nausifu."

"Mayi, nisamehe."

"Usiniombe hilo leo. Leo sina." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Nasambu zaidi. "Ukiniomba leo nitakupa la uongo."

Mtoto alikunja uso, Nafuna akamtikisa mpaka akatulia.

"Kesho ni Jumatatu," akasema. "Kazi ipo?"

"Ipo. Muema amesema malori mawili yanakuja asubuhi."

"Wanakinga magurudumu na nini?"

"Na zilezile keki."

"Na nani atasimama kwenye huo Ulimi?"

"Wameshamwajiri mtu mwingine. Jana jioni. Kijana wa kule kwenu Kabiro, sijui jina lake."

"Wa Kabiro. Basi huenda namwuzia mama yake mboga." Nafuna aliinuka. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso yake, akaikaza kifuani kwa mafundo mawili. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye pazia, akalishika kwa mkono wote, akalivuta.

Nasambu alirudi nyuma mpaka ukutani. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mama wa mtu akifanya hivyo. "Mayi, hicho ni kitanda cha mkweo."

"Najua ni cha nani. Shika huko miguuni."

"Mayi, watu watasema."

"Watu waseme wakati kitanda kiko juu. Inua."

Waliinua. Kilikuwa kitanda kizito cha mbao. Nafuna alikibeba upande wa kichwani kwa bega lake, mjukuu amelala mgongoni, na kwa mguu akaisukuma nje kabari ya kwanza, halafu ya pili. Wakazunguka, wakainua upande mwingine. Kitanda kiliposhushwa miguu yake ilizama kwenye maji kwa sauti ndogo, na ncha ya blanketi ikaanza kulowa. Nasambu aliivuta, akaikunja juu.

Nafuna alichuchumaa kando ya kabari nne. Aligeuza moja, akapitisha kiganja juu ya misumari iliyokatwa vichwa, taratibu, mpaka mwisho, na kurudi. Nasambu alimwona akikishika kidole chake kilichochubuka na kukitia mdomoni. Kisha alivua kitambaa cha kichwani, kile cheupe alichovaa kwa ajili ya Jumapili, akaanza kuzifuta tope, mojamoja, kila upande.

Sitelbanat alikuwa amekuja mlangoni na mwavuli. Aliona pazia limevutwa na kitanda kiko majini, akaelewa alichoelewa. "Kwangu sakafu ni ya saruji," akasema. "Mama atalala kwangu na mtoto. Hata wiki nzima."

"Asante," alisema Nafuna. "Mtoto ndiye atakayelala. Mimi nitaketi."

Alizibeba kabari mbilimbili mpaka kizingitini, akazipanga pale chini ya mabati pasipolowa. Khamala alikuwa amesimama barazani upande wa pili wa njia, maji yakipita kati yao. Aliona kilichokuwa kizingitini. Aliona kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya tope, na kichwa cha mama mkwe wake, wazi, chenye mvi, ambacho hakuwa amewahi kukiona. Aliinamisha uso.

Nafuna naye alitazama pembeni, kwenye ukuta wa jirani, na akazungumza na ukuta.

"Asubuhi kabla ya mtu yeyote kupanda," akasema, "zitangulie hizi. Meno yawe chini. Na ukikatazwa, mwambie anayekukataza aje Kabiro aniulize mimi."

Kisha akageuka, akamwekea mjukuu leso vizuri kichwani, akaingia chini ya mwavuli wa Sitelbanat. Khamala alisubiri mpaka mama mkwe wake alipokuwa amefika mbali. Ndipo akavuka maji, akainama, na Nasambu akatoka kumsaidia kubeba.